Rubani hakupotea njia

Ndege ndogo ikianguka kwenye ukungu, haipiti siku kabla hujasikia kwenye taarifa ya habari kwamba "rubani alipoteza mwelekeo". Msikilizaji anaelewa kuwa alipotea njia, kama dereva aliyekosa kuchepuka Chalinze. Sivyo. Ni rubani asiyejua tena ndege imekaaje angani: imelalia bawa moja, imeinamisha pua, au iko sawa.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Mwelekeo limetokana na elekea, nalo hujibu swali la "wapi". Kinachompotea rubani ni jibu la "vipi", na kwa hilo tunalo neno kutoka kitenzi kaa: mkao.

Chukua ajali ya John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, Julai 16, 1999. Usiku wa giza, utusitusi juu ya bahari, maji na mbingu havitofautiani. Ndege yake ndogo, Piper Saratoga, ilianguka kilomita kama 12 tu kutoka ncha ya Martha's Vineyard, kisiwa kilekile alichokuwa akikiendea. Mwelekeo alikuwa nao! Ila ndege ililalia kulia, ikazidi kulala, ikashuka kwa kasi iliyopita futi 4,700 kwa dakika. Wachunguzi hawakukuta hitilafu ya injini wala ya mitambo.

Anayedanganya ni sikio. Mirija yake mitatu ya ndani ina majimaji yanayochelewa kichwa kikigeuka, ndiyo maana tunahisi kuzunguka. Kona ikidumu kwa mwendo uleule sekunde 20 hivi, majimaji huifikia mirija na hisia hukatika. Rubani anadhani amenyooka. Akiinyoosha ndege kweli, sikio linamwambia imelalia upande wa pili, naye anairudisha konani. Akiona kimo kinapungua anavuta usukani apandishe pua kabla ya kusawazisha mabawa, na hapo kona inazidi kubana.

Dawa ni kuamini vipimo vya dashibodi, jambo lisilokuja bila mazoezi. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwazuia marubani 20 wasio na mafunzo hayo kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178.

Ndege ndogo ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale, Kenya, Juni 5, 2018 na kugonga safu ya milima ya Aberdare ni habari nyingine: kuukuta mlima uliofichwa na mawingu hakuhitaji sikio kudanganywa. Ile iitwe kugonga mlima. Hii ya kwanza, kama mkao ni neno geni kwa msikilizaji, mtangazaji aseme tu "rubani hakujua ndege imelalaje". Ataeleweka.