Nyumba yako ina thamani gani leo? Kukadiria kwa kutumia mauzo ya nyuma

Aliyenunua nyumba miaka kadhaa iliyopita tayari ana pa kuanzia: bei aliyolipa. Anachohitaji kujua ni bei za eneo lake zimepanda au kushuka kwa kiasi gani tangu siku hiyo. Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja. Yanayoipotosha hutokea kabla na baada ya kuizidisha.

Kipimo kinachotumika ni fahirisi ya bei za nyumba, yaani namba inayoonyesha bei ziko wapi zikilinganishwa na mwaka wa kuanzia, ambayo katika nchi nyingi hutolewa kila mwezi au kila robo mwaka. Chukua fahirisi ya sasa, igawe kwa fahirisi ya kipindi nyumba iliponunuliwa, kisha zidisha kwa bei ya ununuzi. Tuseme nyumba ilinunuliwa kwa milioni 80 fahirisi ikiwa 160, na leo fahirisi ni 212. 212 ÷ 160 ni 1.325, mara milioni 80, unapata milioni 106.

Kosa la kwanza ni kutoa badala ya kugawa. Mtu huona 160 imekuwa 212, akasema bei imepanda asilimia 52, akajipa milioni 121.6. Zile ni pointi 52 za fahirisi. Ongezeko lenyewe ni asilimia 32.5. Kosa la pili ni kujumlisha asilimia za mwaka mmoja mmoja. Bei ikipanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, hairudi palepale: 1.2 × 0.8 ni 0.96, yaani mwenye nyumba amepoteza asilimia 4.

Sasa, fahirisi ipi? Takwimu za wastani wa bei za mauzo zinapatikana kwa urahisi, lakini hudanganya. Mwaka ambao nyumba kubwa zimeuzwa kwa wingi, wastani hupanda hata kama hakuna nyumba iliyoongezeka thamani. Ndiyo sababu mwaka 1963 Bailey, Muth na Nourse, wachumi wa Marekani, walipendekeza kulinganisha nyumba na yenyewe: kutumia zile tu zilizouzwa zaidi ya mara moja na kupima tofauti kati ya mauzo mawili. Wachumi Karl Case na Robert Shiller waliiendeleza mbinu hiyo katika miaka ya 1980. Njia nyingine inayoheshimika hutenganisha kwa hesabu mchango wa ukubwa, vyumba, umri na mahali. Ukipata mojawapo ya hizi, achana na wastani.

Fahirisi ya mauzo ya kurudia, ile inayolinganisha nyumba na yenyewe, ina tabia moja inayowashangaza wengi: namba zake za zamani hubadilika. Nyumba iliyouzwa 2012 ikiuzwa tena leo, jozi hiyo mpya huingia kwenye hesabu na kugusa miaka yote ya katikati. Mwaka wa kizio, ule unaopewa 100, nao huweza kusogezwa. Kwa hiyo chukua namba zote mbili kutoka toleo moja, lile la karibuni. Usichanganye namba ya ripoti uliyoihifadhi zamani na ya ripoti ya leo.

Angalia pia kama fahirisi imeondolewa mfumuko wa bei. Kwa kazi hii unataka ile ambayo haijaondolewa, kwa kuwa mnunuzi atalipa kwa fedha ya leo. Fahirisi ya mtaa ni bora kuliko ya nchi nzima, mradi mauzo ni mengi. Ukiona ya mtaa inaruka juu na chini kila robo mwaka bila sababu, ujue mauzo ni machache mno. Tumia ya mji.

Bei ya nyuma nayo ihojiwe. Nyumba uliyouziwa na shangazi kwa bei ya undugu, iliyonunuliwa kwenye mnada wa benki, au iliyouzwa na fanicha zake, haina bei ya soko ya kuanzia. Ukizidisha bei iliyopungua asilimia 15, na jibu litapungua asilimia 15.

Hata bei ikiwa safi, fahirisi hueleza mwendo wa nyumba nyingi kwa pamoja, na kila nyumba huachana nao kidogo kidogo. Kwa makadirio ya kawaida, kutawanyika huko hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya miaka: ikiwa baada ya mwaka 1 ni asilimia 5, baada ya miaka 9 ni kama asilimia 15. Mauzo ya miezi 18 iliyopita yana uzito kuliko ya miaka 12, hata kama yale ya zamani yana hati safi zaidi.

Fahirisi pia hudhani nyumba haijabadilika. Kama umeongeza chumba, ongeza thamani yake sokoni, si gharama ya ujenzi. Mara nyingi hivyo viwili havilingani, na jiko la kifahari ndilo huwavunja moyo wenye nyumba zaidi. Paa linalovuja nalo lipunguziwe.

Kisha pima jibu lako kwa nyumba za jirani, 3 hadi 6, zilizouzwa karibuni. Tumia bei zilizolipwa. Bei za matangazo ni matumaini ya muuzaji. Kwanza zilete kwenye tarehe ya leo. Nyumba iliyouzwa milioni 98 fahirisi ikiwa 203, leo ni 98 × 212 ÷ 203, yaani karibu milioni 102.3. Halafu rekebisha tofauti, daima ukiifanya ya jirani ifanane na yako: ikiwa ina gereji nawe huna, toa. Gereji ikiwa na thamani ya milioni 4, inabaki milioni 98.3. Usizidishe bei ya mita moja ya mraba moja kwa moja, kwani nyumba ndogo kwa kawaida huwa na bei kubwa zaidi kwa kila mita.

Majirani wakitoa milioni 98 hadi 103 na fahirisi milioni 106, taja kati ya 98 na 106, ukiegemea upande wa majirani. Pengo likifika asilimia 20, usigawanye katikati. Rudi ukatafute sababu: bei ya ununuzi haikuwa ya soko, kuna ukarabati uliosahaulika, au mtaa umepata barabara au kiwanda ambacho fahirisi ya mji haikioni. Kwa mkopo, mirathi au kesi ya talaka, makadirio haya hayatoshi. Hapo huhitajika ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, atakayeingia ndani na kukagua nyumba kwa macho yake.