Klabu za pikipiki za theluji hazilali kiangazi

Wengi hudhani theluji ikishayeyuka, klabu za pikipiki za theluji, yaani vyombo vya injini vinavyoteleza juu ya theluji, hufunga milango hadi msimu ujao. Sivyo. Huko Vermont, Marekani, njia za kuendeshea pikipiki hizo, ambazo klabu huzitunza, hufunguliwa Desemba 16 na kufungwa Aprili 15, na miezi inayobaki ndiyo yenye kazi nzito. Sehemu kubwa ya njia hupita katika mashamba na misitu ya watu binafsi, hivyo wanachama huwaendea wenye ardhi kuomba ruhusa. Mmoja tu akikataa, njia hukatika, itafutwe ya kuzungukia. Bado kuna madaraja ya kukarabati, miti iliyoanguka ya kukata, na mitambo ya kusawazisha theluji, ghali kweli, ya kufanyiwa matengenezo. Wanachama wengi hujitolea bila malipo.