Volti 1.2 kwenye betri ya kuchaji: maana yake jikoni

Shika betri ya kuchaji ya ukubwa wa AA uigeuze: ubavuni imeandikwa 1.2V. Ile ya kutumia na kutupa imeandikwa 1.5V. Kipekecho kidogo cha kutoa povu la maziwa hutumia mbili, kwa hiyo kinapata volti 2.4 badala ya 3. Wengi wakifika hapo huamua kwamba ya kuchaji ni dhaifu, wanarudi dukani kununua za kutupa. Hesabu yao ni sahihi, uamuzi ndio umekosea.

1.2 ni volteji ambayo betri hiyo hushikilia muda mwingi ikiwa kazini. Betri ya NiMH, yaani ya nikeli na metali haidraidi, ikitoka kwenye chaja huwa juu ya 1.4, hushuka upesi hadi karibu 1.2, kisha hutulia hapo mpaka inapokaribia kuisha, ndipo huporomoka. Ya alkali, yaani ile ya kutumia na kutupa, huanzia 1.5 au zaidi kidogo, halafu huteremka polepole maisha yake yote. Ikifika katikati ya safari, nayo iko karibu na 1.2 hiyohiyo.

Lakini kwenye mota jambo kubwa zaidi ni ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyouzuia umeme wake kutoka. Mota huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, hasa ikielemewa. Ukinzani wa NiMH ni mdogo, wa alkali ni mkubwa na huzidi kadiri betri inavyochoka. Kipekecho changu chenye alkali zilizochoka huzunguka vizuri sana hewani. Nikikitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa ya moto, mlio unakuwa mzito na waya wa kupekechea unakaribia kusimama. Nikiweka za kuchaji zilizojaa, mlio haubadiliki sana na povu linapanda. Kwa kifaa chochote cha jikoni chenye mota ndogo, mimi nasema weka za kuchaji.

Mzani wa jikoni ni habari nyingine. Hauvuti umeme mwingi, ila unaipima volteji, na baadhi huona 2.4 wakadhani betri zinaisha: kioo kinaandika "Lo" wakati betri bado zimejaa. Tena mzani hukaa wiki nzima bila kuguswa, na NiMH za zamani zilikuwa zikijimaliza zenyewe kabatini. Hilo lilipungua sana tangu kampuni ya Sanyo ilipotoa betri zake za kuchaji za Eneloop mwaka 2005. Mzani wako ukizikataa, tumia alkali, lakini zitoe kama hupimi kitu kwa miezi. Wangu niliusahau, nilipoufungua nilikuta unga mweupe umeganda na springi imelika. Ule ni uvujaji wa betri, ambao ndani yake una potasiamu haidroksidi inayounguza ngozi. Nilivaa glavu, nikausugua kwa pamba yenye siki kidogo, nikakausha.

Unaponunua, tazama pia mAh, kipimo cha umeme unaohifadhiwa. AA nzuri za NiMH huwa kati ya 1,900 na 2,600 hivi. Ikijitangaza 4,000, iache. Na usichanganye iliyojaa na iliyochoka ndani ya kifaa kimoja, kwa sababu iliyochoka itaisha kwanza na mwenzake ataigeuza chanya kuwa hasi, na hapo inaharibika.

Mizani myembamba hutumia CR2032, ile ya duara kama kitufe. Hiyo haichajiwi kamwe. Iko inayofanana nayo kwa umbo, LIR2032, inayochajiwa, lakini yake ni volti 3.6, na ikijaa hufika 4.2, wakati mzani umetengenezewa 3. Usibadilishane. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo, hakikisha kifuniko cha betri hizo kimefungwa kwa skrubu. Akimeza moja, inaweza kuunguza koo ndani ya saa 2, kwa hiyo mkimbize hospitali papo hapo, hata kama anacheza na halii.