Chidai maana yake nini, na kwa nini Wachina wengi wanataka neno hili life

Chidai ndo neno ambalo Wachina wametumia miaka na miaka kuita dimensia, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu, ashindwe kupanga mambo yake, na ukiendelea sana anafika mahali hata kufunga vifungo vya shati hawezi. Ukitanguliza laonian, yaani uzeeni, unapata laonian chidai na hapo kila mtu China anakuelewa. Shida ni kwamba neno lenyewe halielezi ugonjwa, linamtukana mgonjwa.

Tuliangalie kwa karibu. Kwenye maandishi ya Kichina kila alama ina maana yake. Chi ni upumbavu, au kuzama kwenye kitu mpaka akili nyingine zote zinakwisha (ndo maana hiyohiyo chi wanaitumia hata kwa mtu aliyependa kupita kiasi), na ukiichora utakuta alama ya "kujua" imefunikwa na alama ya maradhi. Dai ni kuzubaa, mtu yupo tu anatazama. Mtoto anayekesha na vitabu halafu mambo ya dunia hayajui wanamwita shudaizi, ni dai ileile. Sasa fikiria mama wa miaka 72, tuseme alifundisha hesabu maisha yake yote, amekaa mbele ya daktari na wanawe wawili pembeni, anaambiwa ana chidai. Anachosikia sio jina la ugonjwa, anasikia kwamba kuanzia leo yeye ni bwege, na wanawe wamesikia pia.

Ila kuna neno la pili ambalo kwa mtazamo wangu linaumiza zaidi, tena linasemwa kwa upendo kabisa. Laohutu. Maana yake kama vile "kachanganya mambo kwa sababu ya uzee". Babu kaweka funguo kwenye friji, laohutu. Bibi kauliza swali lilelile mara ya nne asubuhi moja, ah, laohutu, mwacheni. Hakuna anayekasirika na hakuna anayeona aibu, lakini pia hakuna anayempeleka hospitali, manake uzee sio ugonjwa. Na hapa tusiwanyooshee Wachina kidole, kwetu pia tunasema uzee huo, au mzee karudi utotoni, na tunaendelea na shughuli. Ripoti ya Alzheimer duniani ya mwaka 2019, iliyohoji watu karibu 70,000 kwenye nchi 155, ilikuta theluthi mbili wanaamini dimensia ni sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Sio kweli. Wazee wengi wanafika miaka 80 na zaidi bila kuipata, na wanaoipata wana ugonjwa unaoharibu chembe za ubongo, na aina inayoongoza ni Alzheimer.

Kwa hiyo angalia inavyokwenda: mwanzoni mtu anaitwa laohutu, kwa hiyo haendi kupimwa. Hali ikishakuwa mbaya inaitwa chidai, kwa hiyo anafichwa. Kati ya hayo maneno mawili ndo kuna ile miaka ambayo familia ingeweza kujipanga, mgonjwa mwenyewe angesema pesa zake zifanywe nini na anataka kutunzwa vipi, akiwa bado na uwezo wa kusema, na ndo miaka inayopotea kimyakimya.

Kufichwa nako kuna sababu zake. Wachina wana kitu wanaita mianzi, tafsiri ya mojamoja ni uso, ila ni heshima ya mtu na ya familia yake mbele za watu, na uso wa mmoja ni uso wa nyumba nzima. Wana pia msemo kwamba aibu ya nyumbani haitolewi nje. Ukichanganya na hofu kwamba ugonjwa wa akili uko kwenye damu, watu wanaanza kuwaza majirani watasemaje, mtoto wa kaka ataoa wapi. Unakuta mzee hatoki tena kwenda kucheza majong na wenzake bustanini, wakiulizwa wanasema miguu inamsumbua.

Halafu kuna xiao, wajibu wa mtoto kwa wazazi, kitu kilichofundishwa huko kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mimi hii naiona ni nguvu kubwa, wapo watoto wanaowalisha wazazi wao kwa kijiko miaka kumi bila kulalamika. Lakini ina upande mwingine, kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee kunaonekana kama kumtupa, hata kuomba msaada tu ni kama kukiri umeshindwa kuwa mtoto. Sheria ya kulinda haki za wazee, kama ilivyorekebishwa na marekebisho kuanza kutumika Julai 2013, inawataka hata wanaoishi mbali na wazazi wawe wanawatembelea au kuwajulia hali mara kwa mara. Sasa hao watoto ni wangapi? Kizazi cha sera ya mtoto mmoja, iliyodumu mpaka 2015, mara nyingi ni mmoja tu, akioa wanakuwa wawili wenye wazazi wanne, na kazi iko Shenzhen wakati mama yuko kijijini Henan. Utafiti mkubwa uliotoka 2020 kwenye jarida la Lancet Public Health ulikadiria China ina watu kama milioni 15 wa miaka 60 kwenda juu wenye dimensia, na karibu milioni 39 wengine ambao uwezo wa kukumbuka na kufikiri umeanza kupungua ila hawajafika huko.

Ndo maana watu wakaanza kupigania jina. Japani walikuwa wanatumia alama zilezile za chidai, wao wanazisoma chiho, serikali yao ikaziacha Desemba 2004 na kuchukua ninchisho, ambalo linagusa utambuzi, halimgusi mtu. Taiwan wanasema shizhi, kupoteza akili, bado ni zito ila angalau linasema kuna kitu umepoteza, halisemi wewe ni mjinga. Hong Kong mwaka 2010 walitoa jina lenye maana ya ubongo kudhoofika, baadaye wakahamia kwenye matatizo ya utambuzi. China bara wengi sasa wanasema A'ercihaimo, yaani Alzheimer kwa matamshi yao, refu na gumu kwa wazee lakini halina tusi ndani, ingawa mpango wa taifa wa 2024 mpaka 2030 kuhusu ugonjwa huu bado umeandikwa chidai kwenye jina lake.

Je jina linabadilisha mtazamo? Peke yake hapana. Mtu anayemuonea aibu mama yake atamuonea aibu hata kwa jina jipya. Ila jina lisilo na tusi linafanya iwezekane kusema kwa sauti, na aliyewasaidia sana watu wa Hong Kong kusema kwa sauti ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, mwanasayansi ambaye kazi yake ya nyuzi za kioo ndo imebeba intaneti hii tunayotumia. Alipopewa Nobel ya fizikia 2009 alikuwa tayari ana Alzheimer, na familia haikuficha. Stockholm mhadhara wake ulisomwa na mkewe, Gwen. Siku ya kukabidhiwa, badala ya yeye kutembea mpaka katikati ya jukwaa na kuinama kama wenzake, mfalme wa Sweden ndo alimfuata pale alipokuwa amesimama. Mwaka uliofuata Gwen na mumewe wakaanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa wa Alzheimer, na wakaupa jina la Kao mwenyewe.