Usemi na lugha: ile "na" ina kazi

Kwenye shughuli ya ukoo mwezi uliopita, shemeji yangu alinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu yuko Marekani, anasomea uzamili wa kufundisha watu kuongea." Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Kwani kuongea nako kunataka digrii mbili?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno, na safari hii sikujibu vizuri. Najibu hapa.

Fani yenyewe ni tiba ya usemi na lugha. Wengine huiita patholojia ya usemi na lugha, na ni kitu kilekile. Mtaalamu wake huchunguza na kutibu matatizo ya usemi, lugha, sauti na hata kumeza, kwa watoto na kwa watu wazima. Neno patholojia lisimtishe mtu akafikiria mochwari: ni Kigiriki, pathos ni mateso, -logia ni elimu. Ningeishia hapo, kama watu wasingelikata jina katikati wakabaki na "usemi" peke yake.

Kwa nini wanalikata naelewa. Shuleni tulisoma usemi halisi na usemi wa taarifa, kwa hiyo usemi kwetu ni chochote alichosema mtu. Tena ulimi na lugha ni ndugu wa zamani. Nilisoma shahada ya kwanza Makerere, ambako fani hii ilianza kufundishwa mwaka 2008, na Waganda huko wana neno moja, olulimi, kwa kiungo cha kinywani na kwa lugha yenyewe. Kiswahili kilichukua "lugha" kutoka Kiarabu kikawa na maneno mawili, jambo ambalo kwa kazi yangu ni neema kubwa. Lakini mtu akishindwa kusema tunaisahau neema hiyo na kurudi palepale: "ana ulimi mzito." Mwenye kigugumizi, ulimi mzito. Aliyepata kiharusi, ulimi mzito. Mtoto wa miaka minne ambaye bado haunganishi maneno mawili, naye ulimi mzito.

Hata Wamarekani walichelewa. Chama chao cha fani hii, ASHA, kilianzishwa mwaka 1925 kwa jina lililohusu kusahihisha usemi tu. Kilibadili jina mara kadhaa, na neno lugha likaingia mwaka 1978. Miaka 53!

Kabla ya kwenda kusoma zaidi niliwahi kuhudumia wazee wawili wa wodi moja, wote wa kiharusi. Wa kwanza mdomo ulikuwa umepinda upande, maneno yakitoka yamegandana kama uji uliopoa, na mwanawe mwenyewe hakuwa akimwelewa. Nikampa kalamu na karatasi. Akaandika, polepole, kwa mwandiko wa karani wa zamani: "Chai hii haina sukari." Sentensi nzima, kila kiambishi mahali pake. Wa pili sura yake ilikuwa sawa, ulimi unakwenda kulia na kushoto, ugali wake ameumaliza. Nikamwonyesha kijiko. "Kiti. Hapana. Ki... kisu. Hapana, hapana." Alijua kabisa kwamba silo. Nikampa na yeye kalamu. Akaandika K, akaitazama kwa muda mrefu, akairudisha kalamu mezani.

Wa kwanza aliharibikiwa usemi: misuli ya kutamkia imedhoofu, lugha kichwani iko nzima. Wa pili aliharibikiwa lugha: misuli inafanya kazi, lakini njia ya kulifikia neno imevurugika, kwa mdomo na kwa mkono vilevile. Daktari Paul Broca aliliona jambo hili Paris mwaka 1861, kwa mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa lakini akajibu karibu kila kitu kwa silabi moja, "tan". Mgonjwa huyo alipofariki, ubongo wake ulikutwa umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Watoto wa wazee wale waliniambia sentensi ileile, kwamba baba ulimi umekuwa mzito. Ningewaamini wote wawili, ningempa yule wa pili mazoezi ya ulimi usio na tatizo, na wiki zikapita bure.

Basi digrii mbili ni za hilo. Marekani huwezi kupata cheti cha ASHA bila uzamili, pamoja na saa 400 za mafunzo ya vitendo chini ya msimamizi, 25 za kuangalia na 375 za kushughulika na wagonjwa mwenyewe. Tena kuna mtihani wa taifa, na ukihitimu, kazi chini ya uangalizi kwa wiki zisizopungua 36. Sehemu kubwa ya muda huo unajifunza kutenganisha: hili ni la usemi, hili ni la lugha, na hili si ugonjwa kabisa. Mtoto wa wakimbizi wa Kongo anayeshindwa mtihani wa Kiingereza shuleni huku akimsimulia mama yake kisa kirefu kwa Kiswahili hana tatizo la lugha. Ana lugha nyingine. Anayesema "kurara" kwa sababu nyumbani kwao wote wanasema hivyo ana lafudhi. Kiziwi anayezungumza kwa alama ana lugha kamili, na hajatamka hata neno moja.

Kwa hiyo, shemeji, siku nyingine sema "anasomea tiba ya usemi na lugha." Najua ni refu. Na mzee wa nyumbani akipatwa na kiharusi, mpelekeni hospitali upesi, na akishatulia, kabla ya kusema ulimi umekuwa mzito, kama alikuwa anajua kuandika, mpeni kalamu.