Soketi Ileile Haina Maana Prosesa Itawaka

Wiki jana kijana mmoja alivuka mpaka kutoka Ariwara, Kongo, akanijia hapa Arua, Uganda, na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, aliyoifunga kwa gazeti ndani ya mfuko wa unga. Akaiweka mezani. "Mzee, prosesa imeingia muzuri kabisa, lakini haiwake. Na soketi ni ileile."

Soketi ileile, yaani kile kitako kinachoishika prosesa, ubongo wa kompyuta. Maneno haya nimeyasikia kwa walimu wa shule, kwa wenye studio za picha, na kwa mafundi wenzangu ambao hawana udhuru. Kila yanaponifikia, mtu ameshatoa pesa yake. Leo nimeamua kuyaandikia.

Mazabodi yenyewe ni ya soketi 775, chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 915, ya mwaka 2004. Ilikuwa na Pentium 4 ya gigahezi 3, ikifanya kazi bila tatizo. Duka fulani likamwuzia Core 2 Duo E6600, prosesa nzuri sana ya 2006, tena inakula wati 65 wakati ile Pentium 4 inakula 84. Akaiweka, zile pengo mbili za pembeni zikakaa sawasawa, akafunga chuma, akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi, hakuna hata mlio mmoja. Akaitoa, akairudisha, akaitoa tena, kwa siku tatu.

Namba 775 ni idadi ya pini tu. Inakuambia kwamba pini 775 za kwenye soketi zitagusa vidoti 775 vya chini ya prosesa. Ni umeme gani utapita kwenye pini hizo, kwa kasi gani, na nani atauelewa, soketi haikuambii.

Sisi wa huku tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Tumeishi miaka kwa jenereta na sola. Chomeka pasi ya umeme kwenye soketi ya ukutani ya nyumba inayotumia inveta ndogo ya sola: plagi inaingia vizuri, pini tatu, hakuna shida. Kisha inveta inapiga kelele na nyumba nzima inakuwa giza. Hakuna mtu Arua atakayesema "lakini plagi imeingia". Kila mtu anajua swali ni nini kilichoko nyuma ya ukuta. Basi ulizeni swali hilohilo mbele ya mazabodi.

Nyuma ya ukuta wa prosesa kuna sakiti ya kushusha umeme. Itazame pembeni mwa soketi: koili za waya mnene, transista bapa, na kapasita zimesimama mstari kama askari. Pawasaplai inaleta volti 12 kwa ile plagi ya waya nne, na sakiti hii inazishusha hadi volti moja na kidogo. Piga hesabu: wati 65 kwa volti 1.25 ni ampea 52. Waya wa soketi za nyumbani kwako usingezibeba, lakini hapa zinapita kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Na prosesa ndiyo inayoagiza volti. Ina pini maalumu ambazo kwa kuwaka na kuzima zinatoa namba, sakiti inaisoma namba hiyo na kutoa volti iliyoombwa. Njiani Intel ilibadilisha kanuni za sakiti hii, kutoka toleo la 10 hadi la 11, na umbo la soketi likabaki vilevile. Prosesa mpya inaagiza kwa utaratibu ambao mazabodi ya zamani haikufundishwa. Mbili hizo zinagusana pini kwa pini na hazielewani.

Hapo ndipo watu wanaponiambia, "Sawa, basi chipseti ya zamani haifai, mpya inafaa." Hapana, nalo si kweli! Kampuni ya ASRock walitengeneza mazabodi za soketi 775 zenye chipseti ya 865, ya mwaka 2003, kongwe kuliko 915, na zinapokea Core 2 Duo. Kwa nini? Kwa sababu walichora upya sakiti ya umeme na kuandika BIOS, ile programu ndogo ya kuanzishia mashine, inayoijua prosesa hiyo. Kwa hiyo ukiuliza "chipseti gani", umeuliza theluthi moja ya swali. Unatakiwa kujua chipseti, sakiti ya umeme na BIOS, vyote vitatu, na unavipata kwa kusoma jina kamili la mazabodi pamoja na toleo lake, yale maandishi madogo kati ya nafasi za kadi au pembeni mwa RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Herufi moja ya toleo inaweza kubadilisha jibu. Chukua tochi, futa vumbi, yaandike kwenye karatasi. Usiniambie "ni ya HP".

BIOS nitaisema haraka. Isipoijua prosesa, mashine haianzi, au inaanza na kulalamika. Iongezee toleo jipya wakati prosesa ya zamani bado imo ndani, na iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi imekwenda. Wapo wanaouza prosesa ya zamani kwanza ili wapate pesa ya kununua mpya. Halafu wanakuja kwangu, na lazima nitafute nyingine ya kuazima ili tu niifikie BIOS.

Kuna na lile kosa la kimyakimya, ambalo linaniuma zaidi kwa sababu mteja huondoka akifurahi. Core 2 Duo E8400 inaandikwa gigahezi 3. Namba hiyo ni 9 mara megahezi 333 zinazotoka kwenye mazabodi, na ile 9 imefungwa, haipandi juu. Mazabodi ambayo mwisho wake ni megahezi 266, hata ikiikubali prosesa hiyo, itaiendesha kwa gigahezi 2.4. Mtu amelipia 3, kioo kimewaka, ameshukuru, ameenda. Nani atamwambia? Fundi mwaminifu afungue ukurasa wa BIOS mbele ya mwenye mali na kumwonyesha namba.

Wanafunzi wangu huwa nawaelewesha kwa mazabodi ya zamani zaidi ninayoiweka rafuni, ya soketi 7, kwa sababu huko kila kitu kilikuwa wazi machoni. Tundu moja lilipokea Pentium ya kawaida ya volti 3.3, Pentium MMX ya 1997 yenye kiini cha volti 2.8, na AMD K6-2 ya 1998 ya volti 2.2. Volti unachagua mwenyewe kwa jampa, vikofia vyeusi vidogo kama punje ya mchele. Nawapa K6-2 mkononi na kuwauliza jampa ziko wapi. Mara nyingi ziko kwenye 3.3, alikoziacha mwenye mashine. Ukiwasha hivyo umeipa prosesa nusu nzima juu ya haki yake, na itaungua huku imekaa kwenye soketi yake vizuri kabisa. Kwa hiyo jampa kwanza, soma jedwali lililochapwa kwenye bodi, prosesa mwisho.

Soketi 7 hiyohiyo ina jambo ambalo bado linanifurahisha. Jampa ya kuzidisha mara 2, K6-2 za baadaye huisoma kama mara 6. Kwa hiyo bodi ya megahezi 66 ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuiota namba hiyo inaweza kuendesha K6-2 ya megahezi 400, mradi tu ina uwezo wa kutoa volti 2.2. Wengi hawana habari, wanazitupa.

Sasa niseme yanayonisumbua. Orodha ya mtengenezaji ya prosesa zinazokubalika ndiyo ninayoifuata, lakini si kamili. Nimewahi kuweka prosesa isiyo kwenye orodha na ikafanya kazi vizuri. Nyingine ilifanya kazi miezi mitano ikafa, na siwezi kuapa kwamba prosesa ndiyo iliyoiua. Mazabodi nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka kiwandani na kapasita mbovu, vichwa vinavimba, vinachuruza majimaji ya kahawia. Joto letu la Januari na Februari linaziharakisha. Ndiyo maana kabla ya kukubali kazi yoyote napitisha kidole juu ya vile vichwa. Kikiwa bapa, tunaendelea. Kikiwa kimetuna hata kidogo, nabadilisha kapasita kwanza au nairudisha kazi. Mteja akikasirika, na akasirike.

Tena wengi wanaotaka prosesa wanahitaji RAM. Nifungulieni mashine nione kabla hamjanunua.

Kwa kijana wa Ariwara, nilipoitoa E6600 na kumulika soketi, nikaona pini mbili zimelala, upande wa kona ya pembetatu. Ni ile toa-weka ya siku tatu. Nilizinyanyua kwa ncha ya sindano ya cherehani chini ya kioo cha kukuza, nikishikilia pumzi, kwa sababu pini hiyo ukiikunja mara ya pili inakatika. Nikarudisha Pentium 4 yake, ikawaka. Nikaongeza RAM ikafika gigabaiti 2, akaondoka nayo jioni kabla mpaka haujafungwa. E6600 ameniachia, iko kwenye sponji ndani ya kopo la majani ya chai, mpaka apate bodi ya chipseti ya 945 yenye toleo ninalolitaka. Nimemwandikia jina lake kamili kwenye karatasi, na herufi ya toleo nimeizungushia duara.