Kufuli kwenye mpira wa manati

Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, mtaani kwetu hapa Moshi, aliniita wiki iliyopita. Amejenga ukuta wa pili wa tofali, fedha zimekwisha, na majirani bado wanalalamikia kelele. "Injinia, niongeze wa tatu?" Hapana mama, usiongeze.

Ukuta wa kawaida huzuia sauti kwa uzito wake. Ukiuongezea uzito mara mbili sauti hupungua takriban desibeli 6 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mngurumo kadiri ulivyo wa chini ndivyo unavyoupenya. Mota yake huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, na rota, yaani sehemu inayozunguka ndani ya mashine, ina safu nne za nyundo. Basi hewa hupigwa karibu mara 193 kila sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita 1.8 hivi.

Wimbi huweza kuzuiwa kwa mpangilio. Huko Madrid kuna sanamu ya msanii Eusebio Sempere, mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa nafasi ya sentimita 10. Mwaka 1995 watafiti waliipima wakakuta sauti ya hezi 1,670, yaani mitetemo 1,670 kwa sekunde, inadhoofika ikipita humo. Wimbi hilo lina sentimita 20 hivi, mara mbili ya ile nafasi, kwa hiyo miangwi ya safu zote hurudi kwa pamoja. Kwa mashine ya mama, nguzo zingeachana sentimita 90, tena safu kadhaa. Uwanja ungekwisha.

Njia ya pili ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Chukua mpira wa manati, ning'iniza kufuli, kisha pandisha na kushusha mkono. Polepole, kufuli hufuata mkono. Ongeza kasi, itafika mahali kufuli linarukaruka sana. Pita hapo kidogo: mkono ukishuka, kufuli linapanda. Linakupinga! Jaribu kweli, maana ukishalihisi mkononi hutahitaji hesabu.

Mwaka 2000 kundi la mwanafizikia Ping Sheng, Hong Kong, lilivisha gololi za madini ya risasi, za sentimita 1, mpira laini wa silikoni, likazipanga ndani ya gundi ngumu kwa nafasi ya sentimita 1.55. Sauti ya karibu hezi 400 ilikwama, ingawa wimbi lake hewani hufikia sentimita 86. Kila gololi ilikuwa kufuli.

Ubaya wake ni kwamba hukamata masafa machache tu (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), na mahindi yakizidi mashine hupunguza mzunguko. Ndiyo maana vipande vya mpira na uzito ninavyotengeneza havifanani: uzito ukiongezwa mara nne, mpira uleule, masafa hushuka nusu.

Kwa sasa nimemshauri aweke mpira mnene chini ya mashine, maana mtetemo mwingine hupita sakafuni. Nami nimeshaanza kukata tyubu kuukuu, vipande vya upana mbalimbali, na nati za lori za kuning'iniza. Ubao wa kwanza wenye vipande hivyo utafungwa upande wa dirisha la jirani.